Hamsta wetu anang'ata na kujificha: afanyweje mpaka azoee mkono?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Niko Mtoni, Unguja. Jumamosi iliyopita ndugu yangu alikuja na boti kutoka Dar akamletea mwanangu hamsta, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa tunduni, rangi yake kama tende, ukubwa wa ngumi yangu. Mtoto ana miaka tisa, na jina amempa hilohilo, Tende. Leo ni siku ya sita. Mchana kutwa kajichimbia hatumwoni, na tukimtoa anang'ata. Juzi kamuuma mwanangu kidole mpaka damu, na tangu hapo mtoto anamtaka na huku anamwogopa. Mama mkwe wangu anasema huyu ni panya tu, panya hazoeleki, atolewe nje. Nivae glovu nimshike hivyohivyo mpaka azoee? Au tumnunulie mwenzake asiwe mpweke? Na skuli zikifungwa tunakwenda Pemba siku kumi, tumchukue?

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Pole kwa mtoto, na nianze na kidole chake. Kama hamkukiosha vizuri siku ile, kiosheni leo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mkitazame. Kikiwa chekundu, kimevimba, kina joto au kinatoa usaha, mpelekeni kituo cha afya, na mkifika mseme kama chanjo zake za pepopunda zimekamilika au la. Kichaa cha mbwa ndicho kinachowatia watu hofu mnyama akiuma, lakini kwa mnyama mdogo wa tunduni kama huyu ni jambo nadra mno. Haya, sasa tumrudie Tende.

Kwa maelezo yako, rangi ya tende na ukubwa wa ngumi, huyu ni hamsta wa dhahabu, asili yake Syria. Nataka uijue asili hiyo kwa sababu ndiyo inayoeleza karibu kila anachokufanyia. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama aitwaye Israel Aharoni alichimbua shamba la ngano karibu na Aleppo, mji ambao wazee wetu waliosoma Kiarabu wanaujua kwa jina la Halab. Chini kabisa, zaidi ya mita mbili ardhini, akamkuta mama na watoto wake. Hamsta wa dhahabu tunaowaona leo matunduni, wengi wao mno, ni kizazi cha ukoo ule mmoja. Yule mama, alipotolewa shimoni ghafla na kuwekwa na watoto wake mbele ya watu, alimuua mmoja wa watoto wake mwenyewe. Hofu ya mnyama huyu inafika mpaka huko. Tende kumng'ata mwanao ni kidogo sana ukilinganisha.

Basi fikiria safari yake. Ametolewa dukani alikozaliwa pengine, akatiwa kwenye boksi, akapigwa na mawimbi na mngurumo wa injini saa mbili kwenye boti, akafika nyumba ngeni yenye harufu ngeni, na kila siku mchana, wakati mwili wake unamwambia ni usiku wa manane, mkono mkubwa unashuka kutoka juu na kumchomoa kitandani. Macho yake ni dhaifu, haoni mbali. Anachokiona ni kivuli kikubwa kinachoshuka, na kwa mnyama ambaye maelfu ya vizazi vyake vimeliwa na bundi na mwewe, kivuli kinachoshuka kina maana moja tu. Hana miguu ya kukimbia mbali, hana kucha za kutisha. Ana meno manne ya mbele, basi.

Kwa hiyo glovu, hapana. Glovu itakulinda wewe, lakini itamfundisha yeye kwamba ameshikwa, amelia, ameng'ata, na hakuna aliyemsikiliza. Atakachojifunza ni kung'ata kwa nguvu zaidi. Tena glovu ina harufu ya mpira au ngozi, si harufu yako, na kwa Tende mtu ni harufu yake. Unaweza kumshika kwa glovu mwezi mzima, na siku ukiivua mkono wako ukawa mgeni kama siku ya kwanza. Kumzoesha hamsta maana yake ni kufika mahali ambapo yeye ndiye anaufuata mkono. Mkono ukimfuata yeye, kazi yote inaanza upya.

Kabla ya mkono, niruhusu nizungumzie joto, maana hapa kwetu ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lake linaua. Hamsta anastarehe kwenye nyuzi joto 18 hadi 24 hivi. Kule kwao juu ya ardhi kuna jua kali, lakini yeye hayuko juu ya ardhi. Yuko shimoni kwenye ubaridi, anatoka jua likishazama. Sisi Unguja kipupwe tu ndicho kinachomfaa bila taabu. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, chumba chenye paa la bati kisicho na dari kinapita nyuzi 30 mchana, na unyevu wa bahari juu yake. Hamsta hatoi jasho kama sisi. Anajinyoosha tumbo chini, anahema, analegea.

Mwaka mmoja mwezi wa Februari aliletwa kwangu hamsta na msichana aliyekuwa na furaha kubwa. Aliniambia, "Daktari, amezoea kabisa, analala kiganjani hata hashtuki." Nilimtazama pale kiganjani. Masikio yamelala, mdomo umelowa mate, mbavu zinapanda na kushuka haraka, na nilipomgusa mguu hakuuvuta. Yule hakuwa amezoea. Alikuwa anakufa kwa joto. Tulimlaza kwenye kigae cha sakafu chini kabisa mahali pa kivuli, tukamlowesha miguu na masikio kwa maji ya kawaida, yasiyo ya barafu, tukamdondoshea maji mdomoni tone moja moja. Alipona. Usiku wa pili yake alimng'ata yule msichana, na mimi nilifurahi kusikia hivyo, maana hamsta mzima asiyemjua mtu ndivyo anavyofanya. Kwa hiyo mama, Tende akilegea ghafla mchana wa joto, msimshangilie. Mpoozeni.

Tundu lake liwekeni chumba cha chini, upande usiopigwa na jua la jioni, mbali na jiko na mbali na televisheni. Wanaokaa nyumba za mawe za Mji Mkongwe wana bahati, zile kuta nene zinashika ubaridi. Nyinyi wekeni ndani ya tundu kipande cha kigae au gae la chungu cha udongo kisichopakwa rangi, atajilaza hapo mwenyewe. Siku za joto kali gandisha chupa ya maji kwenye friza, ifunge kwa kitambaa, iegemeze nje ya tundu upande mmoja ili achague mwenyewe kusogea au kukaa mbali. Umeme ukikatika, chupa ile ndiyo feni yake. Feni yenyewe isimpige moja kwa moja.

Na liwekeni juu ya meza imara, si sakafuni. Paka wa mitaa yetu wanaingia hata dirisha la juu, na harufu ya paka tu inatosha kumfanya hamsta asitoke shimoni siku nzima. Pia panya wa nyumba hupita sakafuni wakikojoa, na mkojo wao una magonjwa. Ndiyo maana chakula chake kiwe kwenye kopo lenye kifuniko, na sumu ya panya isiwekwe popote katika chumba hicho.

Ndani ya tundu anataka vitu vichache. Cha kwanza ni kina. Mjazieni matandiko upande mmoja mpaka yafike shubiri moja kwenda juu, achimbe. Karatasi laini zisizo na manukato, zilizochanwachanwa, zinafaa kuliko yote. Maranda ya seremala yanafaa yakipepetwa vumbi, ila uliza ni ya mbao gani: ya mvule vumbi lake linawawasha pua hata mafundi wenyewe, na msonobari mbichi unanuka mno. Pamba na nyuzi za nguo msitie, zinamzunguka mguu mpaka unakufa. Nyumba yake ninayoipenda iko jikoni kwenu: kifuu cha nazi kilichokwanguliwa safi, kimetobolewa mlango. Giza, imara, na akikiguguna anayanoa meno yake, ambayo hayakomi kuota. Gurudumu la kukimbilia liwe pana, sentimita 20 au zaidi, lenye sakafu nzima isiyo ya nyaya, la sivyo uti wa mgongo unapinda au mguu unanasa.

Mwenzake usimnunulie. Najua umeuliza kwa huruma, na kwetu mtu kukaa peke yake ni jambo la kusikitisha. Lakini hamsta wa dhahabu akishakua anaishi peke yake maisha yote. Ukiwatia wawili tundu moja watapigana, na asubuhi moja utakuta mmoja amekufa. Wakiwa dume na jike, kabla ya kupigana utapata jambo jingine, kwa sababu mimba ya hamsta ni siku 16 tu. Na hapo pana swali ambalo nataka ulijibu mapema: Tende ni dume au jike? Kama ni jike na alikuwa dukani pamoja na madume, huenda ana mimba, na jike mwenye mimba anang'ata kila kitu. Ukiona tumbo linapanuka pembeni au ukisikia vilio vyembamba ndani ya matandiko, usiguse, usichungulie, usifanye usafi. Tia chakula na maji, ondoka, kwa wiki mbili kamili.

Tuseme hana mimba. Kuanzia leo, siku tatu nzima hakuna mtu kumgusa. Badilisheni maji na chakula baada ya magharibi, semeni neno mnalomwitia, ondokeni. Neno liwe moja siku zote na sauti iwe ya chini. Mtoto akisema "Tende" kila mara anapotia mbegu, baada ya siku chache jina hilo litakuwa na ladha ya mbegu.

Usiku wa tatu mwambie mwanao alale na karatasi laini moja chini ya mto wake. Asubuhi iwekeni kwenye kona ya tundu. Tende ataichukua mwenyewe aipeleke kitandani kwake, na hapo atakuwa analala na harufu ya mtoto akiwa salama, bila mkono kumgusa. Ni jambo dogo, lakini nimeona likipunguza wiki nzima ya kazi.

Wakati wa kukaa naye ni baada ya isha. Mwanao nadhani al-asiri yuko chuoni, anarudi, anakula, anasali. Hapo saa mbili na nusu, saa tatu hivi, ndipo Tende naye anaamka. Aoshe mikono kwa sabuni isiyonukia sana. Msisitizie hili, kwa sababu mkono uliotoka kwenye sahani ya samaki wa kukaanga unanuka samaki, na hamsta ataonja. Vidonda vingi ninavyoonyeshwa vya "hamsta mkali" ni vya kuonja kidole kinachonukia chakula. Na udi na ubani, mama, fukizeni chumba kingine. Kwetu nyumba bila udi haijakamilika, nalijua hilo, lakini pua yake ndiyo macho yake, na ukifukiza chumbani kwake ni kama umemfunga kitambaa usoni.

Mwanao aketi chini kwenye mkeka, tundu mbele yake kwenye kigoda. Mkono auingize kwa ubavuni, asiushushe kutoka juu, aulaze juu ya matandiko kiganja juu, mbegu moja ya alizeti au ya boga katikati. Kisha atulie. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa mtoto wa miaka tisa, na kaa naye wewe mwenyewe. Dakika kumi zinatosha. Tende asipokuja, mbegu iachwe palepale, mkono utolewe polepole, kesho tena.

Siku moja atakuja, na mtazameni vizuri. Atatoka kifuuni masikio yakiwa bado yamekunjana, maana ndiyo kwanza ameamka. Atasimama, masikio yatafunguka, sharubu zitaanza kutikisika. Kisha atajinyoosha mwili mzima mpaka awe mrefu kama kidole cha mtu mzima mara mbili, miguu ya nyuma ikiwa imebaki ilipokuwa, tayari kurudi. Huo mwili ulionyooka ndio unaowaambia alipofikia: nusu yake inaamini, nusu yake bado. Atainyakua mbegu, ataisukuma ndani ya shavu, atatoweka. Hapo mtoto atataka kupiga kelele kwa furaha. Mwambie ajizuie mpaka atoke chumbani.

Siku ambayo miguu ya nyuma nayo itapanda kiganjani ndiyo siku ya kusogea mbele. Mkono usiinuliwe siku hiyo. Apande, ashuke, apande tena, siku tatu au nne. Mbegu wekeni karibu na kifundo cha mkono ili apite juu ya kiganja kuifuata. Baadaye ndipo mkono uinuke kidogo, kimo cha kidole, urudi chini. Mkono wa pili uwe karibu kama ukingo, usiwe kifuniko.

Akihitaji kutolewa kabla hajazoea, kwa kusafisha tundu kwa mfano, msimkamate. Mlalishieni kikombe kikubwa ubavuni na mbegu ndani. Ataingia kwa udadisi wake, mnakiinua. Na anapotoka nje ya tundu, mahali pazuri pa kucheza ni ndani ya beseni kubwa kavu la kufulia, na mikono ya mtoto ikiwa imo ndani. Hawezi kupotea, na wala hawezi kuanguka. Kuanguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama kunaweza kumvunja mgongo, kwa hiyo kanuni ya nyumba iwe moja: Tende anashikwa na mtu aliyeketi chini, na wewe pia unaifuata.

Akimuuma tena? Mwanao asiutingishe mkono wala asivute kwa nguvu, meno yatachana zaidi. Aushushe chini, aache Tende akanyage ardhi, ataachia. Asimpulizie usoni wala asimpige kofi puani kama wengine wanavyoshauri. Halafu mjiulize nini kilitangulia: aliamshwa? Mkono ulikuwa na harufu ya chakula? Kuna paka dirishani? Karibu kila mara jibu lipo, na kesho mnarudi hatua moja nyuma.

Muda gani? Wengine wiki mbili, wengine miezi miwili. Hamsta mtu mzima aliyeshikwashikwa vibaya dukani huchukua muda mrefu zaidi. Na kwa kuwa maisha yake yote ni miaka miwili au mitatu, miezi miwili ni sehemu kubwa ya umri wake anayokupa ili akujue. Mimi naona inastahili kuheshimiwa.

Kwa bi mkubwa, mpe salamu zangu, na nina jambo la kumwambia kwa adabu zote. Hamsta na panya ni jamaa, hilo amesema kweli. Lakini kwamba panya hazoeleki, Watanzania wenzetu wameshaonyesha vingine. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku, wale wenye mashavu ya kubebea chakula kama Tende, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kamboja, akagundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alifariki mwezi wa Januari 2022. Na namna wanavyofundishwa si ya glovu wala ya kulazimisha. Wanashikwa na watu kwa upole tangu wadogo, kisha wanajifunza kwamba mlio fulani mfupi ukisikika, ndizi inafuata. Ni lile neno lenu na mbegu ya boga.

Kwa chakula nisikuchoshe: mtama, uwele, mbegu za alizeti chache kwa kuwa zina mafuta mengi, kipande cha tango au boga au jani la mchicha ukubwa wa ukucha. Machungwa, ndimu, vitunguu, kitunguu thomu, chokoleti na maharage mabichi hapana. Mboga zilizobaki zitoeni asubuhi, kwa joto letu zinaoza haraka. Na mkimwona nyuma amelowa, mkia na mapaja yana kinyesi cha maji, mleteni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo bila kungoja kesho. Ugonjwa huo huwapata zaidi wadogo waliotoka safarini, na unaweza kuwamaliza kwa siku moja au mbili.

Safari ya Pemba msimchukue. Boti ya pili ndani ya wiki chache itafuta yote mliyoyajenga, na siku kumi ni nyingi kumwacha peke yake. Kama mama mkwe anabaki Mtoni, mwombeni yeye. Hahitaji kumgusa. Kila siku baada ya isha atie mtama kijiko kimoja, abadilishe maji, aite "Tende" kwa sauti ya chini, aache mbegu moja ya boga mlangoni mwa kifuu. Mkirudi, mwanao asishangae akikuta kuna mtu mwingine ambaye Tende anaitika sauti yake.